Mtambo wa Kurudia Sauti na Alama za Mwito: Maelezo kwa Wanachama

Wanachama kadhaa wameleta shauri kwamba chama kinunue redio za mkono za kusemezana, ili kambi za dago zipate kuwasiliana na ghala wakati wa mavuno, na ili tusibaki bubu siku simu zinapozimika. Shauri hili si la mzaha. Sote twakumbuka mwaka 2008, mwezi wa Mei na Juni, Unguja ilipokaa gizani kiasi cha mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu katika njia ya umeme utokao bara. Twakumbuka vile vile usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama njiani kwenda Pemba, na jinsi watu walivyokuwa wakingoja habari za jamaa zao. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zipitazo chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na kazi nyingi zikasimama kwetu na kwa jirani.

Lakini kabla ya kutoa fedha za wanachama, yatupasa tujue tununuacho. Redio ni nyingi, na kila moja ina sheria yake. Nimeandika maelezo haya ili kila mmoja aje mkutanoni hali akijua jambo lenyewe.

Watu wa redio ya ridhaa

Duniani kote wako watu wenye mitambo ya redio majumbani mwao, nao huzungumza wao kwa wao, kijiji kwa kijiji na bara kwa bara, bila ya malipo. Si watangazaji, wala si wafanyabiashara. Hufanya hivyo kwa kupenda elimu ya mawimbi, kama vile wachezaji wa ridhaa wachezavyo mpira bila ya mshahara. Kwa lugha ya utani huitwa "hamu", na jina hilo limekaa vizuri kwa Kiswahili, kwa sababu kweli ni watu wenye hamu. Mtu wa namna hii hufanya mtihani, hupewa leseni na serikali yake, kisha hupewa alama ya mwito ambayo ni yake peke yake.

Alama ya mwito ni nini?

Sote twajua kwamba gunia la karafuu lisilo alama ni gunia lisilo mwenyewe. Likipotea bandarini hapana atakayejua la nani. Sauti katika hewa ni hivyo hivyo. Mtu humsikia msemaji lakini hamwoni, wala hajui yuko wapi. Alama ya mwito humwambia msikilizaji mambo mawili: nchi ya msemaji, na msemaji mwenyewe ni nani.

Jambo hili ni la zamani. Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912 ilikuwa ikiita kwa alama ya MGY. Hivi leo mataifa yamegawana herufi na tarakimu za mwanzo chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, lililoasisiwa Paris mwaka 1865. Tanzania imepewa 5H na 5I. Watu wa ridhaa wa Kenya hutumia 5Z, wa Uganda 5X, wa Rwanda 9X, wa Burundi 9U, wa Kongo 9Q, wa Komoro D6, na wa Oman, waliko jamaa wa wengi wetu, A4. Uingereza ina G na M, na Marekani ina K, W na N pamoja na baadhi ya zile zianzazo kwa A.

Baada ya herufi za nchi hufuata tarakimu, ambayo mara nyingi huonyesha sehemu ya nchi, kisha herufi za mtu mwenyewe. Visiwa vyetu vina historia yake katika jambo hili. Kabla ya mwaka 1964 alama za Zanzibar zilianza kwa VQ1, za Tanganyika kwa VQ3, na za Kenya kwa VQ4. Baadaye Zanzibar ikawa 5H1, na ile tarakimu 1 ikabaki yetu. Chama kikubwa cha watu wa redio cha Marekani, ARRL, kiliendelea kuihesabu Zanzibar kuwa ni nchi peke yake katika orodha yake ya mashindano mpaka mwisho wa Mei 1974. Wazee wengi wa nchi za mbali wangali wakiweka kadi zao za kuzungumza na VQ1 kama mtu awekavyo sarafu ya zamani.

Kwa kuwa herufi huchanganyika masikioni, B na D na P zikasikika kama moja, watu husema neno kwa kila herufi. Orodha itumikayo sasa ilianza kazi kwa marubani mwaka 1956: A ni Alfa, B ni Bravo, C ni Charlie, na H ni Hotel. Basi mtu wa kwetu atajitaja "Five Hotel One", kisha herufi zake.

Kwa nini redio ya mkono haifiki mbali?

Redio ndogo za mkono hutumia mawimbi mafupi sana, kiasi cha megahezi 144 hadi 146 kwa watu wa ridhaa katika sehemu yetu ya dunia. Mawimbi haya huenda takriban kama mwangaza: hupita njia iliyonyooka, na dunia ni mviringo. Kuna hesabu rahisi. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.12. Jawabu ni kilomita ambazo wimbi litakwenda kabla ya kuzuiwa na mgongo wa dunia.

Mtu aliyeshika redio usawa wa mita moja na nusu hupata kilomita 5. Mwenziwe naye hupata 5. Jumla ni kilomita 10, tena hapo ni juu ya maji matupu. Ndani ya mikarafuu na minazi, na penye vilima na mabonde kama ya Pemba, hupungua sana. Basi asidanganyike mtu kwa maandishi ya juu ya sanduku yanayoahidi masafa makubwa kuliko hayo.

Mtambo wa kurudia sauti

Dawa ya shida hii ni mtambo uitwao ripita. Fikiri kwamba watu wawili wako katika mabonde mawili, na kila mmoja haisikii sauti ya mwenzake. Akisimama mtu wa tatu juu ya kilima baina yao, mwenye sikio jema na sauti kubwa, akalirudia kila neno mara tu analolisikia, basi wale wawili watazungumza. Ripita ndiye mtu huyo wa kilimani. Bwana Arthur Gentry wa California, mwenye alama W6MEP, hutajwa kuwa ndiye aliyewatangulia watu wa ridhaa katika kazi hii, miaka ya 1950.

Tufanye hesabu yetu. Antena ikiwa mita 120 juu ya bahari, yaani kilima na mnara pamoja, hufika kilomita 45. Ongeza 5 za mwenye redio ya mkono, jumla 50. Pemba urefu wake ni kiasi cha kilomita 67, kwa hiyo ripita moja katikati ya kisiwa yaweza kufika kaskazini na kusini, isipokuwa mabonde yaliyojificha. Lakini toka Masingini hadi Chake Chake ni zaidi ya kilomita 100. Hapo ripita moja haitoshi.

Sasa, mtambo huu husikiliza na kusema wakati mmoja. Kama ungesikiliza na kusema katika masafa yale yale, ungejisikia wenyewe na kuziba. Kwa hiyo hutumia mawili. Kwa mfano, hupokea katika megahezi 145.100 na kutoa katika 145.700. Tofauti ni kilohezi 600, na ndiyo desturi katika nchi nyingi. Mwenye redio ya mkono hupanga kinyume: husikiliza pale ripita inaposema, na husema pale ripita inaposikiliza.

Hata hivyo kazi bado. Nguvu inayotoka ni mara milioni ya milioni, na zaidi, kuliko ile hafifu inayoingia, na aghlabu antena ni moja. Ndiyo maana huwekwa mikebe mikubwa ya chuma au shaba, iliyopimwa kwa uangalifu, iitwayo dupleksa. Kazi yake ni kama ya mlango wenye mabawabu wawili: mmoja huruhusu sauti iingiayo tu, wa pili iendayo nje tu. Mikebe hii ni ghali, nayo ikipimwa vibaya ripita huwa kiziwi kila inapofungua mdomo. Anayeuza ripita bila ya kueleza habari ya dupleksa, muulizeni sana.

Yako na mambo mengine madogo. Redio nyingi hutuma toni ya chini isiyosikika na msikilizaji, kwa mfano ya hezi 88.5, na ripita haifunguki bila ya toni hiyo. Hii huzuia makelele ya mitambo mingine. Iko saa inayomkatiza asemaye mfululizo, aghlabu baada ya dakika chache, ili mtambo usiungue. Na ripita nayo ina alama yake ya mwito, ambayo huitaja yenyewe kila baada ya muda, mara nyingi kwa mipigo ya Morse. Huko Uingereza, kwa mfano, alama za ripita nyingi huanza kwa GB3.

Umeme, chumvi na radi

Ripita inayotegemea umeme wa mjini itakufa siku ile ile tunayoihitaji. Tupige hesabu ya betri. Mtambo wa wati 25 hula kiasi cha ampea 5 na nusu unaposema. Betri ya ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, itatoa kama saa 9 za kusema. Kwa hiyo zahitajika betri zaidi ya moja na sahani za jua za kuzijaza, na watu wafundishwe kusema maneno machache. Tena hewa yetu ina chumvi, na chumvi hula viungo vya waya kama mchwa alavyo nguzo. Na mnara juu ya kilima huita radi, basi hapana budi kuwa na waya mnene wa shaba hadi ardhini.

Somo kutoka kisiwa kingine

Mwezi wa Disemba 2004 Bibi Bharathi Prasad wa India alikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, pamoja na wenzake. Kwa kawaida alama yake ni VU2RBI. Huko visiwani alitumia VU4RBI: VU ni India, 4 ni Andaman na Nicobar, na RBI ni yeye. Tarehe 26 kukawa na tetemeko la ardhi, kisha yakaja mawimbi makubwa yaliyoua watu hata katika pwani ya Afrika Mashariki. Umeme na simu vikazimika. Bibi huyo na wenzake wakaitumia redio yao kupeleka habari India bara, zaidi ya kilomita 1,000, wakisaidia serikali na watu waliokuwa wakitafuta jamaa zao.

Tuangalie jambo moja hapa. Sauti ile haikupita katika ripita. Ilipita katika mawimbi marefu zaidi, yale yanayogonga tabaka za juu za anga na kurudi ardhini mbali. Ripita ni ya jirani, na mawimbi hayo ni ya safari. Tena yule bibi alikuwa tayari na leseni, mtambo na mazoezi kabla ya siku ya msiba.

Basi sisi tufanye nini?

Kwanza, leseni ya ridhaa ni ya mtu, wala si ya biashara. Kuuliza bei ya karafuu, kuita lori la magunia au kupanga wachumaji kwa njia hiyo hairuhusiwi, hata kama kila msemaji ana leseni.

Pili, chama kikitaka redio kwa kazi ya dago na ghala, iko leseni ya redio za kazi, yenye masafa yake. Yote mawili huombwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ripita ya kazi na ripita ya ridhaa ni mamoja kwa namna ya kufanya kazi, na maelezo ya hapo juu yanafaa kwa zote.

Tatu, vyombo vya baharini vina redio yao. Mwito wa hatari huko ni katika chaneli 16, megahezi 156.8. Mwanachama anayesafirisha mzigo kwa chombo na aulize kama nahodha anayo, na kama inafanya kazi.

Nne, mtu asinunue redio dukani akaanza kusema tu. Masafa anayoyafungua huenda yakawa ya polisi, ya bandari au ya hospitali, na neno lake moja laweza kumziba anayeomba msaada.

Shauri langu ni hili: tuombe leseni ya kazi kwa chama, kisha tuchague vijana wachache wapendao ufundi, wajifunze na wafanye mtihani wa ridhaa kwa nafsi zao. Wale wa kwanza watatuhudumia wakati wa mavuno. Hawa wa pili, Mungu atuepushe, watakuwa tayari siku ya shida. Mkutano ndio utakaokata shauri. Kila mwanachama na aje na maoni yake, na mwenye kujua zaidi ya haya atufunze.

Katibu wa Chama