Kopo Katikati ya Barabara

Kombolela haichezeki popote tu. Kopo huwekwa katikati, mmoja akalipiga teke. Mtafutaji akilifuata na kulirudisha, wenzake wameshatawanyika: nyuma ya mwembe, ubavuni mwa banda la kuku, uani kwa jirani. Akimwona mtu humtaja jina na kukimbilia kopo. Aliyejificha akimtangulia, teke lingine, na waliokamatwa wote wako huru.

Mchezo huu unadai barabara isiyo na gari, nyua zisizo na geti, watoto wakubwa kwa wadogo, na muda wa kutosha kabla ya magharibi. Chumbageni, mjini Tanga, ya miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ilikuwa navyo. Mkonge ulivuta watu Tanga kutafuta kazi, lakini hata mwaka 1967 mji ulikuwa na watu wapatao 61,000 tu, na gari lilikuwa la wachache. Mpira ulikuwa matambara yaliyoviringwa na kufungwa kamba ya katani. Baadaye mifuko ya plastiki ikawa ngozi yake, hadi serikali ilipoipiga marufuku Juni 2019. (Sijui kama waliotunga katazo lile waliwahi kucheza chandimu, soka hiyo ya mtaani.)

Michezo ya barabarani ikitoweka, watu hulaumu simu. Mimi naanza na bodaboda. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 393,429 katika Jiji la Tanga. Mipaka imepanuka, ni kweli, lakini viwanja vya wazi navyo vimejengwa, na uani kwa jirani sasa kuna ukuta. Uingereza nako watoto walitoweka barabarani kabla ya simu janja: mwaka 1971 watoto wanane kati ya kumi wenye miaka saba na minane walikwenda shule peke yao, kufikia 1990 hawakufika hata mmoja kati ya kumi, na wazazi walitaja zaidi hofu ya magari. Kwetu ongeza twisheni, inayokula jioni yenyewe.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto haki ya kucheza. Barabara haikutajwa.

Rede ndiyo iliyonusurika. Wawili wanarushiana mpira, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Inatosha hatua kumi za ardhi na wasichana watatu, hivyo huchezwa hata mapumziko ya shule, kengele ikiwa karibu kulia.