Shingo iliyokazwa inapoharibika: Lini usubiri, lini ukimbilie daktari

JE, umefanyiwa upasuaji wa kukaza ngozi ya shingo na sasa kila ukijitazama kwenye kioo moyo unakwenda mbio? Au una dada, mama au rafiki aliyefanyiwa, na siku hizi hatoki nyumbani bila kujifunga leso shingoni hata jua la saa sita likiwaka? Basi makala haya ni yako.

Upasuaji huu hufanywa ili kuondoa ngozi iliyolegea chini ya kidevu na shingoni kwa sababu ya umri, au baada ya mtu kupunguza uzani mwingi. Daktari hukata ngozi kando na nyuma ya masikio, na mara nyingi chini ya kidevu pia. Hupunguza mafuta, hukaza msuli mpana wa shingo uitwao platisma, kisha huvuta ngozi na kuikata iliyozidi.

Wengi hupona vyema. Hata hivyo, wapo ambao mambo huwaendea mrama, na baadhi yao huficha. Kwa kuwa walikwenda kwa siri, huona haya kurudi kulalamika. Huogopa kuambiwa, "Nani alikutuma?"

Aibu hiyo inaweza kukugharimu maisha. Jambo la kwanza unalopaswa kufahamu ni kuwa kasoro hizi si za aina moja. Zipo ambazo hazingoji hata saa moja, zipo ambazo zitaisha zenyewe, na zipo ambazo zitahitaji kurekebishwa, lakini si leo.

USINGOJE KUPAMBAZUKE

Hatari kuu katika saa 24 za kwanza ni damu kuvilia chini ya ngozi. Utaona uvimbe unaokua upesi, aghalabu upande mmoja kuliko mwingine, na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Ngozi hukaza na kubadilika rangi. Kwa mtu mweusi rangi hiyo huenda isionekane vizuri, kwa hivyo linganisha pande zote mbili kwa kuzigusa polepole.

Damu hiyo ikiwa nyingi inaweza kubana njia ya hewa. Ukianza kupumua kwa shida, sauti ikibadilika au ukishindwa kumeza mate, usimeze dawa ya maumivu na kulala ukitumaini kuwa asubuhi utakuwa nafuu. Nenda mara moja katika idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, hata kama siyo ile uliyofanyiwa upasuaji. Waeleze wazi ulifanyiwa nini na lini, ili wajue kuwa huenda wakalazimika kufungua nyuzi na kuitoa damu.

Walio katika hatari zaidi ni wenye shinikizo la juu la damu, na wanaotumia aspirini au dawa nyingine zinazozuia damu kuganda. Lakini usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuzungumza na daktari wako.

Katika siku zinazofuata, jihadhari na usaha, harufu mbaya, homa, au joto na maumivu yanayoongezeka kwenye kidonda. Vilevile angalia ngozi iliyo nyuma ya sikio. Ikigeuka nyeusi kama iliyoungua, huenda inakufa kwa kukosa damu ya kutosha. Usiibandue wala kuipaka majivu au dawa za kienyeji. Mwone daktari siku hiyo hiyo.

Wavutaji sigara ndio huathirika zaidi kwa hili. Huenda unalijua shirika la Amref, lililoanzishwa mwaka wa 1957 na madaktari watatu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Mmoja wao, Thomas Rees wa New York, alichapisha pamoja na wenzake utafiti mwaka wa 1984 kuhusu watu waliokazwa ngozi ya uso. Waligundua kuwa hatari ya ngozi kufa ilikuwa zaidi ya mara 12 kwa wavutaji sigara ikilinganishwa na wasiovuta. Kwa hivyo, kama bado una kidonda, sigara hata moja ni adui yako.

YATAKAYOISHA YENYEWE

Uvimbe wa wastani, alama za damu, ngozi kuhisi imevutwa na vijivimbe vigumu chini ya ngozi ni mambo ya kawaida. Mengi hupungua baada ya wiki chache, lakini umbo kamili la shingo huenda lisionekane hadi miezi kadhaa ipite. Usihukumu kazi ya daktari ukiwa katika wiki ya pili.

Ganzi kwenye ndewe la sikio pia huwapata wengi, kwa sababu mshipa wa fahamu unaohudumia sikio hupitia kando ya shingo. Kwa kawaida hisia hurudi polepole. Kwa wakati huo usijikande kwa maji ya moto wala chupa ya moto, kwani unaweza kuungua bila kuhisi.

Mdomo wa chini ukienda upande unapotabasamu, mshipa wa fahamu wa mdomo huenda umeguswa. Mara nyingi hupona baada ya wiki au miezi, lakini mjulishe daktari mapema ili aandike na kufuatilia.

YASIYOISHA YENYEWE

Miezi ikishapita, simama mbele ya kioo mahali penye mwanga wa kutosha. Je, kuna shimo chini ya kidevu, na misuli imesimama kama kamba pande zote mbili? Hiyo ni ishara kuwa mafuta yaliyoondolewa yalizidi kiasi. Je, ndewe za masikio zimevutwa chini na kushikana na shavu? Ngozi ilivutwa kupita kiasi. Je, kuna uvimbe chini ya taya kila upande? Huenda ni tezi za mate, ambazo zilikuwepo tangu zamani ila zilifichwa na mafuta.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, makovu yanahitaji uangalifu wa pekee. Keloidi ni kovu linalovimba na kuenea nje ya mpaka wa kidonda, na huweza kuanza miezi mingi baada ya upasuaji. Kama ulipotogwa masikio ulipata uvimbe wa aina hiyo, mwambie daktari kabla hajashika kisu. Kovu likianza kuwasha na kuinuka, usingoje likue. Daktari anaweza kulidunga sindano za steroidi au kukupa vibandiko vya silikoni. Kulikata tu bila tiba nyingine mara nyingi hulifanya lirudi, pengine likiwa kubwa zaidi. Na usilipake krimu za kuchubua ngozi.

UFANYE NINI?

Kwanza, jipige picha kila mwezi, mbele na pande zote mbili, mahali pamoja na mwanga ule ule. Picha hizo zitakuonyesha kama unapata nafuu.

Pili, rudi kwa daktari aliyekufanyia. Ndiye anayejua alichokata na alichoacha. Andika maswali yako kabla ya kwenda, na uandamane na mtu unayemwamini.

Tatu, kama huridhiki, omba rekodi zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zinazokuhusu. Kisha tafuta maoni ya mtaalamu mwingine. Hakikisha amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC, na kwamba amesomea hasa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Malalamiko dhidi ya daktari pia hupelekwa huko. Ikiwa ulifanyiwa ng'ambo, rekodi hizo ni muhimu zaidi, kwani daktari wa hapa hakuwepo.

Nne, usikimbilie kisu cha pili. Kwa kawaida madaktari husubiri kati ya miezi 6 na 12 ili ngozi ilainike na makovu yatulie. Anayekuahidi kurekebisha kila kitu wiki ijayo, na kwa bei nafuu, mwogope.

Mwisho, waambie watu wa nyumbani kwako. Kutaka shingo nzuri si kosa. Lakini damu ikivilia shingoni usiku wa manane, mwenye kukufikisha hospitalini atakuwa yule aliyejua ulifanyiwa upasuaji.