Pikipiki kuukuu kwenye barabara kuu: Chunguza kabla ya kutoa pesa

Je, wewe ni miongoni mwa wale wanaoamka saa kumi alfajiri, wakatoka Juja, Ruiru au Githurai kungali giza, na bado wakafika kazini mjini wakiwa wamechelewa na wamechoka? Ikiwa ndiwe, bila shaka umewahi kuketi dirishani katika matatu iliyokwama pale Pangani, ukatazama pikipiki zikipita moja baada ya nyingine, na wazo likakujia: kwa nini nami nisinunue yangu?

Wazo hilo si baya hata kidogo. Nauli ya kwenda na kurudi, ambayo hupanda ghafla mawingu yanapotanda tu, hula mshahara kama mchwa alavyo mlango. Mwanafunzi anayesoma jioni hukosa somo la kwanza, na mzazi hufika nyumbani watoto wamelala. Hata hivyo, si wengi wanaoweza kutoa pesa za pikipiki mpya kwa mpigo mmoja. Ndipo mtu huanza kuuliza uliza kwa mafundi na majirani kama kuna iliyotumika inayouzwa kwa bei nafuu.

Zipo, tena tele. Lakini kumbuka kwamba pikipiki ya kupeleka mtu dukani Zimmerman na ile ya kupanda Barabara Kuu ya Thika kila siku si kitu kimoja, hata kama zilitoka kiwanda kimoja siku moja. Barabara hiyo, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, ina urefu wa kilomita 50 hivi na katika sehemu fulani ina leni nane. Magari yakipata nafasi hapo hayabembelezi mtu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, chombo husafiri mita 22 katika kila sekunde. Ukigeuza shingo kumtazama mtu aliyekupigia honi, umekwisha kupita urefu wa basi mawili bila kuona mbele. (Wale wa upande wa Mlolongo wanaotumaini kutumia ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022, wajue mapema kuwa pikipiki haziruhusiwi huko. Njia yenu ni ya chini.)

Kwa hivyo, swali la kwanza ni ukubwa wa injini. Pikipiki nyingi zilizoko sokoni ni za cc 100, 125 na 150: Boxer, TVS, Honda na zile za Kichina zenye majina mengi. Boxer ya cc 100 ina nguvu za farasi 8 hivi. Ndugu yake wa cc 150 ana 12. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ngoja ufike kwenye mwinuko upepo ukikukabili, mkoba mgongoni, na nyuma yako lori la mchanga linakaribia. Ile ya cc 100 itafika kilomita 80 kwa saa kwa kulia, na injini inayolia hivyo asubuhi na jioni haiishi miaka mingi. Maoni yangu ni kwamba kwa safari ya kila siku ya barabara kuu usiteremke chini ya cc 125. Ikiwa wewe ni mzito wa mwili, au utambeba mwenzako mara kwa mara, tafuta 150.

Usihofu sana petroli. Pikipiki nzima ya cc 125 hwenda kilomita 40 na zaidi kwa lita moja, kwa hivyo mkazi wa Ruiru anayefanya kazi mjini atatumia zaidi kidogo ya lita moja kwa kwenda na kurudi. Ukitaka kujua kama utaokoa kitu, piga hesabu hiyo kwa bei mpya inayotangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, uilinganishe na nauli yako ya siku ya mvua na ya siku ya jua.

Swali la pili ni hili: pikipiki hii ilikuwa ikifanya kazi gani? Wengi wa wauzaji ni watu wa bodaboda, na bodaboda huweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwa siku, abiria mmoja mara wawili, mara na gunia la viazi juu. Kwa mwaka mmoja au miwili imekwisha zeeka. Usidanganywe na spidomita inayoonyesha kilomita chache, kwa kuwa waya wake hukatwa, au mita yenyewe hubadilishwa, kwa dakika chache tu. Tazama mahali ambapo muuzaji hakukumbuka kupaka rangi: raba za kukanyagia, kanyagio la gia, kingo za kiti na chuma cha kubebea mizigo kilichopinda. Raba zilizolika hadi chuma haziwezi kuwa za pikipiki iliyotembea kilomita 8,000.

Nenda kuiona mchana, na mvua isiwe inanyesha, maana maji huficha mikwaruzo na kuvuja kwa oili. Nenda na fundi wako mwenyewe, si yule anayependekezwa na muuzaji. Mlipe ujira wake hata kama hutanunua, ili asiwe na sababu ya kukuhimiza.

Ukifika, jambo la kwanza kabla ya salamu kuisha ni kuweka kiganja karibu na injini. Ikiwa ina joto, muuzaji amekwisha kuiwasha ili usione jinsi inavyosumbua asubuhi. Mwambie utasubiri ipoe, hata kama ni kwa saa nzima. Kisha uiwashe wewe mwenyewe. Moshi wa buluu unaoendelea kutoka ni oili inayoungua, yaani ringi za pistoni au valvu zimechoka, na hapo unanunua pia kazi ya kufungua injini. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, jambo ambalo mara nyingi hurekebishwa kwenye kabureta kwa gharama ndogo. Toa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi ni uvivu tu wa mwenyewe. Lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na yenye chembe za chuma zinazometameta ni sababu ya kuaga na kwenda zako.

Teremka kwenye cheni. Ishike pale inapozunguka gia ya gurudumu la nyuma, mwisho kabisa, uivute kama unayetaka kuitoa. Ikiachana na meno hata ukaona nusu ya jino, imekwisha. Meno yenyewe yakiwa yamepinda upande mmoja kama mdomo wa kasuku, cheni na gia zote mbili zinabadilishwa pamoja. Hilo si la kukufanya ukatae pikipiki, bali la kukufanya upunguze bei. Cheni ikikatika mtaani utasukuma hadi kwa fundi. Ikikatika kwenye leni ya kati pale Roysambu, ikajizonga kwenye gurudumu la nyuma, ni jambo jingine.

Sasa mwombe mtu ainue gurudumu la mbele. Geuza usukani taratibu kulia na kushoto. Ukihisi unanasa kidogo ukifika katikati, beringi za shingo zimelika, na kwa kasi kubwa pikipiki itayumba. Shika vyuma vya mbele chini, uvisukume na kuvivuta, visicheze. Kisha utikise gurudumu la nyuma kwa pembeni. Likicheza, kuna bushi au beringi zilizokufa. Simama nyuma hatua kumi, chuchumaa, utazame kama gurudumu la nyuma linafuata la mbele kwenye mstari mmoja. Pikipiki ambayo fremu yake ilipinda katika ajali hujionyesha hapo, kama mtu mwenye kiuno kibovu. Tafuta pia mahali palipochomelewa, hasa kwenye shingo. Ukipapata, usijadiliane bei tena.

Tairi nazo husema umri wao. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne: 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi ya zamani inaweza kuwa na meno mazuri na bado ikawa ngumu kama ubao, ikateleza kwenye lami mvua ya kwanza inyeshapo. Breki za pikipiki nyingi hizi ni za dramu mbele na nyuma. Zitakusimamisha zikitunzwa, lakini ukipata yenye diski mbele, kwa barabara kuu iongezee thamani. Kwa bahati mbaya kuna waendeshaji wanaoilegeza kabisa breki ya mbele kwa kuogopa kupinduka, ilhali ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Ijaribu. Jaribu pia taa zote na indiketa, maana utasafiri gizani.

Karatasi zina mitego yake. Linganisha nambari iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na ile ya injini na zile zilizo kwenye kitabu cha usajili, tarakimu moja moja. Nambari iliyosuguliwa au kugongwa upya ni ya kuripoti, si ya kununua. Tafuta rekodi ya pikipiki kwenye mtandao wa NTSA kupitia eCitizen uone mwenyewe ni nani hasa, kwani pikipiki nyingi za bodaboda zilinunuliwa kwa mkopo na jina la mkopeshaji lingali pamoja na la mwenyewe. Muuzaji anayekuambia atamalizia deni akishapata pesa zako anakuomba umlipie deni kwa pikipiki inayoweza kuchukuliwa mlangoni pako usiku. Amalize deni kwanza, au mwende nyote watatu kwa mkopeshaji. Na usikubali kuendesha kwa jina la mtu mwingine: sheria ya trafiki inakupa siku 14 za kuhamisha umiliki.

Tuseme una shilingi 90,000. Basi usitafute pikipiki ya shilingi 90,000. Tenga mapema za bima, za kuhamisha umiliki, za cheni na pengine tairi moja, na za helmeti mpya yenye alama ya KEBS ambayo haijawahi kuanguka na kichwa cha mtu. Ikiwa huna leseni ya daraja la A2, tenga za shule ya udereva pia. Ukiona kilichobaki hakikufikishi kwenye pikipiki nzima, panda matatu miezi michache zaidi. Wa nyumbani kwako wanaoogopa pikipiki wana haki ya kuogopa, na wataogopa kidogo wakiona ulianza na helmeti na koti lenye kung'aa kabla ya kuleta chombo chenyewe.

Ukishainunua, badilisha oili siku hiyo hiyo, maana hujui iliyomo ni ya lini. Kisha usiianze safari yako ya kwanza Jumatatu asubuhi. Toka Jumapili mapema magari yakiwa machache, uende hadi kazini na kurudi, ukitazama hasa vituo vya matatu: leni ya kushoto huonekana salama kwa mtu wa pikipiki, lakini ndiyo ambayo matatu huikata ghafla kuwahi abiria. Vihesabu vituo hivyo mmoja mmoja, Kahawa hadi Pangani, ujue kila kimoja kinaanzia wapi.