Je, Wajua? Moto Unaookoa Jicho

Tiba ya macho kwa leza ilizaliwa na kupatwa kwa jua
Tarehe 9 Julai 1945 jua lilipatwa, na mwanafunzi mmoja wa udaktari nchini Ujerumani akalikodolea macho mpaka likamuunguza retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Daktari Gerhard Meyer-Schwickerath alipoliona kovu lile aliwaza: kama mwanga huunguza kwa bahati mbaya, kwa nini usiunguze kwa makusudi? Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akiinasa miale ya jua kwa vioo juu ya paa la hospitali mjini Hamburg na kuielekeza ndani ya macho ya wagonjwa. Mawingu yakitanda, kazi inalala! Leza, mwanga mkali unaotumika leo badala ya jua, iliwaka mara ya kwanza duniani mwaka 1960 tu.

Daktari huchoma pembeni ili katikati pasalimike
Kisukari cha miaka mingi huziba vijishipa vya retina. Retina ikikosa hewa, huita mishipa mipya, nayo huota ovyo, ni dhaifu, na hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Leza huunguza sehemu za pembeni zenye njaa ya hewa, na ule wito hunyamaza. Mgonjwa anaweza kupoteza kidogo uwezo wa kuona gizani au pembeni, lakini hubakiwa na kile kisehemu cha katikati kinachosoma ujumbe wa simu na kutambua sura ya mjukuu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 1976 ulionyesha kuwa tiba hii hupunguza hatari ya upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu.

Vidoa zaidi ya elfu moja katika jicho moja
Kwa kawaida ni kati ya 1,200 na 1,600, kila kimoja kama nukta ya kalamu. Kila mpigo huchukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde.

Jicho linaweza kuharibika huku linaona vizuri
Hili ndilo linalonishtua kuliko yote. Retina haiumi, na leza hulinda uoni uliopo. Ule uliokwisha kupotea ni nadra kuurudisha. Ndiyo maana mwenye kisukari hupimwa macho kila mwaka, hata kama hana lalamiko lolote.

Kamera ya macho husafiri kwa gari
Lakini kipimo na leza vinaweza kuwa mbali: ukitoka Kenyamonta, wilayani Serengeti, mkoani Mara, kwenda hospitali ya KCMC mjini Moshi, mbele yako kuna mbuga nzima ya Serengeti, Ngorongoro na jiji la Arusha. Mkoani Kilimanjaro wataalamu wa KCMC wamekuwa wakiipeleka kamera hadi kliniki za kisukari za wilayani, wakipiga picha za retina, na wenye dalili za hatari ndio wanaoitwa Moshi kwa leza. Mpango wa namna hiyo ungewafaa sana watu wa Mara.

Kabla ya picha, matone
Dawa ya matone hutanua mboni, na kwa saa kadhaa mwanga wa mchana huchoma na maandishi hufifia. Nenda na mtu wa kukusindikiza, na pikipiki aendeshe yeye.