Miguu ya Namugongo: kinachoumia njiani, na kwa nini

Mahujaji wanaotoka kaskazini mwa Uganda huingia Kampala kwa Barabara ya Bombo siku za mwisho za Mei. Wakishaipita Kawempe hufika Bwaise, hukunja kushoto kuifuata Bypass ya kaskazini, na punde wanatokeza Kalerwe, katikati ya marundo ya matoke, mananasi na makelele ya bodaboda. Utawajua tu. Rozari shingoni, blanketi mgongoni, chupa ya maji mkononi, na ule mwendo wa mtu anayekanyaga kwa ukingo wa mguu kwa kuwa unyayo haukanyagiki tena. Kutoka hapo Namugongo haizidi kilomita 15. Aliyeanzia Nebbi, karibu kilomita 400 kwa njia ya Karuma, anaweza kudhani kazi imekwisha. Kiafya, bado.

Chanzo cha safari hii kinajulikana. Kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga II aliamuru kuuawa kwa Wakristo wa Buganda, wengi wao vijana wa ikulu yake. Wanaokumbukwa kwa majina ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, na kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, akiwemo Karoli Lwanga. Papa Paulo VI aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu Oktoba 1964. Mashahidi wenyewe waliswagwa kwa miguu kutoka Munyonyo hadi Namugongo wakiwa wamefungwa, na ndiyo maana abalamazi, kama Waganda wanavyowaita mahujaji hawa, hawaoni kwamba kupanda basi ni sawa na kutembea. Wengine hutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Congo. Mwandishi wa afya hana sababu ya kubishana na nadhiri ya mtu. Kazi yake ni kueleza mguu.

Kila hija ina ugonjwa wake. Huko Nepal, daktari Buddha Basnyat na wenzake waliwapima mahujaji 228 waliopanda hadi ziwa takatifu la Gosainkunda, zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, na asilimia 68 walikutwa na ugonjwa wa mwinuko: kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, na kwa baadhi yao ubongo unavimba hadi mtu anayumba kama mlevi. Wanapanda upesi mno, mwili haupati nafasi ya kuzoea uhaba wa oksijeni. Makka shida ni jua. Mwaka 2024 Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301 katika hija iliyoangukia joto kali mno. Kampala iko kwenye mita kama 1,200 na joto lake ni la wastani, kwa hiyo hujaji wa Namugongo hana haja ya kuogopa mapafu kujaa maji wala ubongo kuchemka. Balaa lake liko chini zaidi: kwenye ngozi, tumboni na barabarani.

Tuanze na ngozi, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Watu huamini kwamba lengelenge ni ngozi iliyosuguliwa na kiatu hadi ikaungua. Sivyo hasa. Bonyeza kidole cha shahada kwenye mgongo wa kiganja cha mkono mwingine, kisha kisukume mbele na nyuma bila kukiacha kiteleze. Ngozi inakwenda na kidole, mfupa umebaki palepale. Ndani ya kiatu mambo ni hayohayo kinyumenyume: soksi imeishika ngozi, mfupa wa kisigino unakwenda na kurudi kwa kila hatua, na tabaka zilizo katikati zinavutwa huku na huku. Baada ya maelfu ya hatua, tabaka moja la ndani ya ngozi ya juu linachanika. Juu yake pamebaki ngozi nzima, chini yake pia, na maji ya mwili yanajaza ufa.

Ukilielewa hilo, mengine yanafuata. Ngozi yenye unyevunyevu huing'ang'ania soksi kuliko ngozi kavu, na mwisho wa Mei ni mkia wa masika. Mvua ya jioni moja Luweero inatosha kulowesha viatu vya kesho. Soksi kavu za kubadilisha mchana zina faida kuliko kiatu cha bei kubwa. Viatu vipya vilivyonunuliwa mtumbani wiki ya safari ni kosa linalorudiwa kila mwaka, tena mara nyingi ni vidogo, kwa sababu vilijaribiwa asubuhi. Mguu unaotembea kutwa huvimba. Kiatu kijaribiwe jioni, na kidole gumba kibaki na nafasi mbele. Kuhusu lugabire, zile sandali za tairi, sina neno dhidi yake: aliyezivaa mwaka mzima ngozi yake imekwisha kukomaa mahali pa mikanda, na zikilowa zinakauka haraka. Anayezivaa mara ya kwanza kwa ajili ya Namugongo ndiye atakayejuta.

Kinga yenye ushahidi mzuri ni ya bei nafuu mno hata inashangaza kuwa haizungumzwi parokiani. Kundi la Grant Lipman wa Chuo Kikuu cha Stanford lilichapisha mwaka 2016 utafiti wa wakimbiaji 128 wa mbio za siku kadhaa jangwani. Kila mmoja alibandikwa plasta ya karatasi, ile nyeupe nyembamba ya kushikia bandeji, kwenye baadhi ya sehemu za mguu, na sehemu nyingine zikaachwa wazi. Palipobandikwa, malengelenge yalipungua kwa asilimia 40 hivi. Plasta inabandikwa asubuhi kwenye mguu mkavu, pale mtu anapojua kwamba humuumiza: kisigino, pembeni mwa kidole gumba, chini ya vidole. Bora isiwe na mkunjo, na isibandikwe juu ya lengelenge lililokwisha kutokea, kwani kuibandua ni kulichuna.

Na likishatokea? Ngozi ya juu ndiyo bandeji bora iliyopo. Chini yake chembe mpya huanza kugawanyika ndani ya siku moja, na tabaka jipya gumu linakuwa tayari baada ya saa 120 hivi. Siku tano, ambazo hujaji hana. Kama lengelenge ni dogo, aliache. Kama ni kubwa na linazuia mwendo, mhudumu wa afya alitoboe pembeni kwa sindano safi, maji yatoke, ngozi ibaki, kisha lifunikwe. Kukata ngozi ile kwa wembe, kupitisha uzi na kuuacha ndani, au kupaka dawa ya meno ni kuufungulia mlango uchafu wa barabara. Wekundu unaopanda kuelekea kwenye kifundo, ngozi yenye moto na homa havisubiri misa. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo ni suala tofauti kabisa: anaweza kutembea na msumari ndani ya kiatu bila kujua. Huyo akague miguu yake kila mapumziko, au amwombe jirani amkagulie, na kutembea peku asithubutu.

Mifupa nayo ina hesabu zake. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika habari za askari waliovimba miguu baada ya kupiga kwata bila kuumia popote. Baadaye, mashine za eksirei zilipopatikana, ilionekana kuwa mifupa myembamba ya unyayo ilikuwa na nyufa. Mfupa unaopewa mzigo usiouzoea hujijenga upya, lakini kwanza hubomoa sehemu ya zamani, na katika wiki za mwanzo ubomoaji huwa mbele ya ujenzi. Anayeondoka kitini moja kwa moja na kutembea kilomita 30 kwa siku anaingia katika kipindi hicho akiwa njiani. Ndiyo maana vikundi vinavyoanza mazoezi tangu Machi, Jumamosi kwa Jumamosi, hufika na watu wengi zaidi. Maumivu ya misuli husambaa na hupoa; maumivu ya mfupa yana mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole. Hayo ya pili si ya kuvumilia.

Chakula hakinipi wasiwasi. Mtu wa kilo 65 hutumia kama kalori 45 hadi 50 kwa kilomita, na njia nzima ina chapati, mihogo, ndizi na roleksi, ile chapati iliyokunjiwa mayai. Maji yana mtego. Tumezoea kuambiwa tunywe, tunywe, tunywe. Lakini Marekani, katika mbio za Boston za 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza na kukuta asilimia 13 chumvi yao imeshuka kupita kiasi. Waliokuwa hatarini zaidi walikunywa sana hadi wakaongezeka uzito, na wengi wao walikuwa wa mwendo wa polepole. Hujaji ni wa polepole kuliko wote. Jasho linatoa maji na chumvi, yeye anarudisha maji matupu, damu inazimuka, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, zinafanana mno na za kukosa maji, hata msaidizi mwema akamwongezea maji. Kanuni rahisi: kunywa ukiona kiu, na sehemu ya kinywaji iwe na chumvi.

Pakiti ya ORS inafaa. Isipopatikana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa bila kilima. Sukari haipo kwa ajili ya utamu. Ukuta wa utumbo mdogo una protini inayopitisha chumvi na sukari kwa pamoja, na maji huzifuata. Ukiondoa moja, lango hilo halifunguki sawasawa.

Hapa niseme la dawa za maumivu, maana dukani huuzwa bila kuulizwa swali. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza mtiririko wa damu kwenye figo, na figo za mtu aliyekauka na mwenye misuli iliyochubuka tayari zimeelemewa. Kundi lilelile la Stanford liliwapa wakimbiaji wa kilomita 80 ibuprofeni au kidonge kisicho na dawa. Dalili za figo kuumia zilionekana kwa asilimia 52 ya waliopewa ibuprofeni, dhidi ya 34 ya wenzao. Parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi baada ya siku ya kutembea maana yake misuli inamwaga protini kwenye damu; hapo ni hospitali, na Mulago haiko mbali na Kalerwe.

Sasa tumbo. Kalerwe ni bonde, mfereji wa Nsooba unapita humo kuelekea Lubigi, na mvua ikizidi maji hupanda hadi milangoni. Maji ya ardhini yako karibu na uso wa nchi, vyoo vya shimo viko karibu nayo, na chemchemi inayong'aa haina dhamana yoyote. Kampala ilikwisha kufundishwa hili: kati ya Januari na Juni 2015 jiji lilipata mlipuko wa homa ya matumbo wenye wagonjwa walioshukiwa zaidi ya 10,000, na uchunguzi ulionyesha maji machafu na juisi za mtaani, ile ya matunda ya pasheni hasa. Kwa hiyo nanasi zima unalomenyewa mbele yako ni salama kuliko juisi ya nanasi kwenye ndoo. Ndizi ni salama kuliko vyote. Vidonge vya kutibu maji ni vyepesi kubeba. Maji yanayochotwa Namugongo na kupelekwa nyumbani yaheshimiwe kama mwenye nayo anavyoamini, ila ya kunywa yachemshwe. Sijawahi kusikia padri aliyesema baraka hutoka na mvuke.

Hatari inayoua zaidi haina uhusiano na vijidudu. Takwimu za polisi za 2024 zinaonyesha watu 5,144 walikufa barabarani Uganda, na watembea kwa miguu ni kati ya makundi yanayoumia zaidi. Wanaotoka mbali wengi hutembea alfajiri na usiku kukwepa jua, wakiwa hawajalala vya kutosha, na mtu mwenye usingizi hukosea kukadiria mwendo wa gari. Kutoka Karuma barabara ni ndefu lakini mtu anajua iliko hatari. Kuanzia Bwaise hatari inatoka pande zote: bodaboda inayopanda njia ya miguu, teksi inayosimama ghafla, magari ya Bypass yenye kasi na makutano yenye mikono minne. Hapo watu wamechoka kuliko siku zote na wanaona wamefika. Watembee kulia, wakiyatazama magari yanayokuja, mmoja nyuma ya mwingine, na wa mbele na wa mwisho wavae fulana ya kung'aa. Vikundi vikilala Kawempe au Kalerwe na kumalizia asubuhi, badala ya kukaza hadi saa tano usiku, vitakuwa vimefanya jambo kubwa kuliko dawa yoyote niliyoitaja.

Baada ya 3 Juni wengi hurudi kwa basi au lori, saa nyingi wamekunja magoti. Mguu mmoja, mmoja tu, unaovimba na kuuma kwenye shavu la mguu unaweza kuwa na damu iliyoganda, na unahitaji kuonwa siku hiyohiyo. Malaria iliyopatikana kwa kulala nje bila chandarua hujitokeza kwa kawaida kati ya siku 7 na 30. Homa ya matumbo wiki moja hadi tatu. Anayepata homa nyumbani katikati ya Juni amwambie mganga kwamba alikwenda Namugongo, alilala wapi na alikunywa nini njiani, ili vipimo vifanywe vya yote mawili na asirudishwe na dawa ya malaria peke yake.