Fahamu: Kwa nini nyota wa NBA huvuka kwenda ligi za Asia

Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya (draft), mbele ya James Harden na Stephen Curry.

Alipita pia timu za Houston, Portland na Oklahoma City hadi 2014. Baadaye akacheza Japani na Taiwan.

Kwa nini huko? Ligi nyingi za Asia huweka ukomo wa wachezaji wa kigeni, hivyo klabu hutafuta mgeni wa kuziba pengo kubwa, hasa mrefu wa kulinda kikapu.

Afrika nayo ina ligi yake ya kikapu, BAL (Basketball Africa League), iliyoanza 2021. Kwa kijana mrefu wa Tabora, ajira ya kikapu sasa ipo hata barani kwake.