KADI YA BIMA IKIKATALIWA, NANI ATAMSEMEA MGONJWA?

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano ya matawi swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara. Mtu ameshatoa fedha za bima ya matibabu, kadi yake anayo mkononi, lakini akifika dirishani huambiwa, "Hii haifai hapa." Wanachama wanauliza: fedha zake zimekwenda wapi, na nani wa kumsemea wakati yeye mwenyewe amelala hajiwezi?

Jawabu letu ni hili. Mtu wa kwanza wa kumsemea yupo pale pale penye kitanda chake, naye ni muuguzi. Lakini muuguzi hawezi kumsemea mtu asiyeuliza, wala asiye na karatasi. Kwa hivyo khabari hii inawahusu wauguzi, na inatuhusu sisi pia.

Mifano yetu mingi tumeitoa bara, khasa Kilimanjaro na Upare, kwa sababu wakulima wenzetu wa huko walitutangulia katika jambo hili. Mwaka wa 2011 wakulima wa kahawa wa chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, waliwekewa mpango wa bima ya matibabu kwa msaada wa PharmAccess, shirika la Uholanzi. Mwaka wa 2018 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianzisha mpango ulioitwa Ushirika Afya, ambao mkulima mwanachama wa ushirika alitoa Sh. 76,800 kwa mwaka. Mipango yote miwili ilipita katika vyama vya wakulima, vyama kama hiki chetu. Basi taabu walizozipata wao yafaa tuzijue kabla hazijatufika.

NGAZI ZA MATIBABU

Tumtazame mtu wa Kifaru, kijiji kilicho chini ya milima ya Upare, kando ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Same. Tuseme amejiandikisha katika Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, kama ulivyoundwa upya mwaka wa 2018. Nyumba ya watu sita ilitoa Sh. 30,000 kwa mwaka, na kadi ilimpeleka mwenyewe kuanzia zahanati mpaka kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na mwisho hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Kilimanjaro ni Mawenzi, mjini Moshi.

Sasa mtu huyu maradhi yamemzidi. Jamaa zake wanampakia garini moja kwa moja mpaka KCMC, hospitali kubwa ya kanda iliyofunguliwa Moshi mwaka wa 1971. Nia yao ni njema, lakini wameruka ngazi zote, na hospitali ya kanda haimo katika kadi ile. Karani wa dirishani akisema kadi haifai, hakusema uwongo. Khasara imeshatokea huko nyuma, pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuwaeleza kadi yao inafika wapi.

Hapa ndipo kazi ya muuguzi inapoanza, nayo huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Muuguzi wa zahanati anayemwambia mgonjwa, "Kadi yako inafika Mawenzi, usiondoke bila ya hati ya rufaa, na hati hiyo iwe na muhuri," amemtetea mtu huyo kabla hajakataliwa. Maneno hayo hayachukui dakika mbili, na huenda yakaokoa ng'ombe wa watu asiuzwe. Tukumbuke pia kwamba mgonjwa wa dharura ni jambo jingine. Mtu anayetoka damu au anayeshindwa kupumua hapelekwi ngazi kwa ngazi. Hupelekwa panapoweza kumwokoa, na karatasi hufuata nyuma.

SABABU NYINGINE ZA KUKATALIWA

Ya kwanza ni kibali. Huduma za gharama kubwa, kama picha za mashine kubwa, baadhi ya dawa na baadhi ya upasuaji, hutaka idhini ya mfuko kabla ya kufanywa. Mara nyingi idhini huchelewa au hukataliwa kwa kuwa maelezo yaliyopelekwa ni mafupi. Daktari ameandika neno moja tu, na mtu wa ofisini hamwoni mgonjwa. Muuguzi ndiye aliyekaa naye usiku kucha. Ameandika homa yake, maumivu yake, na dawa alizopewa zisimfae. Maandishi hayo yakiambatanishwa na ombi, aliyekataa jana huweza kukubali leo. Basi daftari la wodini ni ushahidi, kama vile risiti ya kituo cha karafuu ilivyo ushahidi wa mkulima juu ya uzito wa magunia yake.

Ya pili ni dawa isiyokuwapo. Mgonjwa huambiwa, "Dawa imekwisha, kanunue nje," naye hutoa fedha za mfukoni ilhali ana bima. Chini ya NHIF iko fomu ambayo hospitali huijaza na kuipiga muhuri, mgonjwa akaenda nayo katika duka la dawa lililo na mkataba na mfuko, akapewa dawa bila ya kulipa. Wagonjwa wengi hawaijui fomu hiyo. Muuguzi anaijua, na neno lake moja hutosha.

Ya tatu ni jina. Kadi imeandikwa Mwanakhamis, cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwana, na kitambulisho kina jina la ukoo. Mashine haimjui mtu, hujua herufi tu. Muuguzi akiliona kosa hilo siku ya kwanza huwaambia jamaa walitengeneze mgonjwa angali amelazwa, wasije wakapambana nalo siku ya kutoka.

Ya nne ni ugomvi wa wakubwa. Tarehe 1 Machi 2024 NHIF ilianza kutumia orodha mpya ya huduma na bei zake, na baadhi ya hospitali za watu binafsi zilikataa kupokea wenye kadi kwa kuwa bei zile hazikuwaridhisha. Mgonjwa hakuwa na kosa lo lote. Wakati kama huo kazi ya muuguzi ni kuhakikisha matibabu yaliyokwisha kuanza hayakatiki, yaani kumpatia mgonjwa maandishi yake kamili na kumwonyesha hospitali nyingine inayompokea.

Ya tano ni wale wasio na kadi kabisa. Tangu mwaka wa 1993, hospitali za Serikali za bara zilipoanza kuwachangisha wagonjwa, watu wa namna fulani wamewekewa msamaha, miongoni mwao wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Lakini haki iliyo katika vitabu haitembei kwa miguu yake. Mzee wa watu hufika dirishani, huambiwa alipe, akainama akarudi kwao. Muuguzi aliyemwona humshika mkono akampeleka kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye ndiye mwenye madaraka ya kuthibitisha msamaha. Mzee huyo hakufanyiwa hisani. Amepewa kilicho chake.

MIPAKA YA MUUGUZI

Tuseme na upande wa pili, maana haki ina pande mbili. Muuguzi si mwenye mfuko, wala si yeye aliyetunga kanuni. Hawezi kuandika kibali, na mwenye kumtukana amemtukana rafiki yake. Wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi, na saa anayoitumia kuandika karatasi za bima ni saa ambayo hayupo kitandani.

Juu ya hayo, asiombwe uwongo. Wako watu wanaomwazima ndugu kadi, wakamtaka muuguzi afumbe macho. Hilo ni wizi wa fedha za wanachama wengine, na lina hatari kubwa zaidi. Maradhi na dawa za mtu mmoja huingia katika daftari la mwingine, na siku mwenye kadi akilazwa, madaktari watamtibu kwa khabari zisizokuwa zake. Muuguzi anayekataa jambo hilo analinda roho mbili pamoja na mfuko.

Utetezi huu wa wauguzi si jambo la leo. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitunga kanuni za maadili mwaka wa 1953, na nchi nyingi zimezifuata. Huko Marekani, Dk. Harold Freeman wa hospitali ya Harlem, New York, alianzisha mwaka wa 1990 mpango wa waongozaji, watu wa kumshika mkono mgonjwa wa saratani tangu siku ya kwanza, wakimtatulia taabu za bima, za karatasi na za safari. Kabla ya hapo, katika kila wanawake 100 wa hospitali hiyo waliopata saratani ya titi, 39 tu walikuwa hai baada ya miaka mitano. Baada ya kuwekwa uchunguzi wa bei nafuu pamoja na waongozaji hao, wakawa 70. Sehemu ya wokovu huo ilitokana na mtu tu wa kumwambia mgonjwa, "Njia ni hii, twende."

NA SISI VISIWANI

Zanzibar ilitunga Sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya mwaka wa 2023, na utekelezaji ukaanzia kwa watumishi wa Serikali. Mwaka huo huo Bunge la Muungano lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote kwa upande wa bara. Kanuni za mambo haya hubadilika, kwa hivyo asitegemee mtu aliyoyasikia mwaka jana.

Liko pia jambo letu wenyewe. Mchumaji akianguka mkarafuuni, jamaa hufikiri mfupa tu. Shirika la ZSTC limepata kuwalipa fidia wachumaji walioanguka, lakini fidia yo yote hutaka kuthibitishwa. Muuguzi anayempokea akiandika siku, saa, na kwamba "ameanguka akichuma karafuu," ameweka msingi wa madai. Akiandika "amevunjika mguu" basi, madai yamelegea. Semeni sababu mara mfikapo, na muulize kama imeandikwa.

Tunawausia wanachama mambo haya:

1. Ukikataliwa, uliza kwa upole sababu ni ipi, na uombe iandikwe. Neno la mdomo halikatiwi rufaa.

2. Mwambie muuguzi mapema una bima gani, usingoje siku ya kutoka.

3. Weka pamoja kadi, hati ya rufaa, risiti na cheti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ni mali.

4. Mgonjwa asiende peke yake. Afuatane na mtu ajuaye kusoma.

5. Kama bima ni ya kampuni ya biashara na mmeshindwa kuelewana, upo mlango wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Katibu anaomba mkutano ujao ujadili kila tawi limchague mtu mmoja wa kufuatana na wagonjwa na kuwa mkono wa wauguzi katika mambo ya karatasi. Baba zetu waliweka mashamba rehani kwa deni la matanga na harusi. Tusiyaweke sisi kwa deni la hospitali ambalo muhuri mmoja ungeliondoa.

Wasalaam,
Katibu wa Chama